Mauzo si Faida: Istilahi za Ushuru na Mfanyabiashara Mdogo wa Migori na Homa Bay

Utangulizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana madarasani kuwa mfano wa urari wa vina, kisha mwanafunzi akaenda zake. Sokoni, hata hivyo, methali hiyo ni kanuni ya biashara, na katika zama hizi ni kanuni ya sheria pia. Katika masoko ya Oyugis, Mbita, Sindo, Rongo, Awendo na Migori mjini, maelfu ya watu hujipatia riziki kwa kuuza omena, mahindi, mitumba na vifaa vya ujenzi, au kwa kushona nguo na kunyoa nywele. Wengi wao huijua bei ya gorogoro ya omena ya jana na ya juzi bila kusita. Waulizwapo faida yao ya mwezi, baadhi hutaja fedha zilizopita mikononi mwao, si zile zilizobaki.

Kosa hilo laweza kuonekana dogo. Makala haya yanaonyesha kuwa si dogo hata kidogo. Mfanyabiashara asiyetenganisha mauzo na faida, ushuru na ada, kusamehewa na kutozwa asilimia sifuri, huweza kulipa asichodaiwa au kudaiwa asichotarajia. Kwa hiyo mwongozo wowote wa ushuru kwa wafanyabiashara wadogo hauna budi kuanza na maana za maneno. Viwango vinavyotajwa humu ni vile vilivyotumika nchini Kenya kufikia mwaka 2025.

Ushuru, Kodi na Osuru

Neno "ushuru" lina asili ya Kiarabu, nalo linahusiana na fungu la kumi. Neno hilo limesafiri kutoka pwani hadi ziwani, ambako Waluo huliita "osuru". Mkusanyaji ushuru ni "jasol osuru". Safari hiyo ya neno ilifuatana na safari ya dola. Kodi ya kibanda ilianzishwa na utawala wa Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na kaya za Nyanza zikalazimika kutafuta fedha taslimu ili kuilipa. Upinzani haukuchelewa. Mnamo mwaka 1921, katika mkutano wa Lundha, Gem, kiliundwa Chama cha Vijana wa Kavirondo, kilichokumbukwa kwa jina la Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Miongoni mwa malalamiko yake ilikuwa kupanda kwa kodi. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa kuwa cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, chini ya Shemasi Mkuu W. E. Owen. Ni vyema kukumbuka kuwa walipa ushuru wa Nyanza walikwisha kujipanga kwa jina hilohilo takribani karne moja iliyopita.

Leo neno hilo lina utata mwingine. Katika matumizi ya Kenya, "ushuru" ndilo neno lililozoeleka kwa malipo yadaiwayo na serikali, na "kodi" kwa kawaida ni malipo ya nyumba ya kupanga. Ng'ambo ya mpaka wa Isebania, huko Sirari, Tanzania, mambo yamegeuka: "kodi" ndilo jina la jumla, na "ushuru" huelekea kutumika kwa tozo za forodha, bidhaa na masoko. Mfanyabiashara avukaye mpaka huo asubuhi na kurudi jioni hukutana na maneno mawili yaliyobadilishana viti.

Serikali Mbili, Madai Mawili

Utata wa kwanza wenye gharama ni kudhani kuwa aliyelipa kaunti amelipa serikali yote. Ibara ya 209 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imegawa mamlaka ya kutoza. Serikali ya kitaifa hutoza ushuru wa mapato, ushuru wa ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa, na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), iliyoanzishwa mwaka 1995, huukusanya. Serikali ya kaunti hutoza ushuru wa mali kama ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na ada za huduma itoazo.

Leseni ya biashara, basi, pamoja na ada ya kila siku ya soko na malipo ya maegesho, ni madai ya kaunti ya Migori au ya Homa Bay. Viwango vyake hupatikana katika sheria ya fedha ya kaunti husika. Anayelipa ana haki ya kuelezwa ni sheria ipi inayomdai, kwa kuwa Ibara ya 210 inakataza ushuru wowote kutozwa au kuondolewa pasipo sheria. Ibara ya 209 vilevile inazuia kaunti kutumia uwezo wake wa kutoza kwa namna inayodhuru biashara ivukayo mipaka ya kaunti. Anayetoa samaki Mbita na kuwauza Rongo anapaswa kuijua ibara hiyo.

Mkanganyiko huu uliwahi kuongezwa na sheria yenyewe. Kuanzia Januari 2019 wafanyabiashara wadogo walitozwa ushuru wa makisio uliokuwa asilimia 15 ya ada ya leseni ya kaunti. Hapo dai la taifa lilipimwa kwa kipimo cha kaunti, na haishangazi kwamba wapo waliobaki wakiamini kuwa leseni na ushuru ni kitu kimoja. Ushuru huo wa makisio ulifutwa mwaka 2020. Leseni ya leo ni leseni tu, na stakabadhi yake haizimi deni la KRA.

Mauzo si Faida

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ushuru wa mauzo, unaofahamika kwa wengi kwa kifupi cha TOT, ulianza kutozwa mwaka 2008 kwa kiwango cha asilimia 3. Umepitia mabadiliko mengi. Ulirejeshwa Januari 2020 baada ya mwaka mmoja wa ushuru wa makisio, ukapunguzwa hadi asilimia 1 mwezi Aprili 2020, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaurudisha kwenye asilimia 3 kuanzia Julai 1, 2023. Kwa sheria hiyo, unamhusu mwenye biashara ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi milioni 1 lakini hayazidi shilingi milioni 25. Ritani yake huwasilishwa kila mwezi na fedha kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Jina lake linaeleza kila kitu kwa anayelisoma kwa makini. Unatozwa mauzo. Hauulizi bidhaa ilinunuliwa kwa bei gani, wala lori lilidai kiasi gani, wala kama mvua iliharibu magunia mawili njiani. Mwezi wa hasara unalipiwa sawasawa na mwezi wa neema. Ushuru wa kawaida wa mapato, kwa upande mwingine, hutozwa faida, yaani kinachobaki baada ya kuondoa gharama halali za biashara. Kwa mtu binafsi, shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30, kabla ya viwango vya juu viwahusuvyo wenye mapato makubwa zaidi. Kisha huondolewa nafuu ya binafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka.

Mifano miwili ya kubuni yatosha kuonyesha tofauti. Wa kwanza ni wa muuza omena anayenunua Sindo na kuuza Oyugis. Mauzo yake ya mwezi ni shilingi 200,000. Kati ya hizo, ununuzi wa omena humla 150,000, usafiri 18,000, magunia na vibarua 8,000, na ada mbalimbali 4,000. Kinachobaki ni shilingi 20,000. Ushuru wa mauzo wa asilimia 3 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, au 72,000 kwa mwaka. Asilimia 3 ya mauzo imekuwa asilimia 30 ya faida. Lau mfanyabiashara huyu angetozwa kwa utaratibu wa kawaida, faida yake ya mwaka ya shilingi 240,000 ingetozwa asilimia 10, yaani 24,000, na nafuu ya binafsi ingelifuta deni lote.

Mfano wa pili ni wa fundi cherehani wa Awendo. Mauzo yake ya mwezi ni shilingi 100,000, na kwa kuwa kinachouzwa zaidi ni ujuzi wake, nusu ya fedha hizo hubaki kuwa faida. Kwa mwaka, mauzo ni 1,200,000 na faida ni 600,000. Ushuru wa mauzo ungekuwa shilingi 36,000. Kwa utaratibu wa kawaida angedaiwa 28,800 kwa fungu la kwanza, 25,000 kwa la pili na 63,600 kwa salio la 212,000, jumla 117,400. Ukiondoa nafuu ya 28,800, zinabaki 88,600. Fundi huyu anafaidika kwa kubaki katika ushuru wa mauzo.

Sheria inampa mfanyabiashara nafasi ya kuchagua. Asiyetaka ushuru wa mauzo anaweza kumwarifu Kamishna kwa maandishi kwamba anachagua utaratibu wa kawaida. Kanuni rahisi ni hii: mwenye mauzo makubwa na faida nyembamba, kama muuza omena, mahindi au sukari ya rejareja, apige hesabu za utaratibu wa kawaida kabla ya kukubali ushuru wa mauzo, mwenye faida nene juu ya kila shilingi anayopokea ana sababu ya kubaki. Anayechagua bila kupiga hesabu amechaguliwa na bahati.

Yapo mapato yasiyoingia katika hesabu hii. Mwenye duka ambaye pia ana vyumba vya kupangisha asichanganye fedha hizo na za dukani. Mapato ya upangishaji wa makazi yanayozidi shilingi 288,000 kwa mwaka lakini hayazidi milioni 15 yana ushuru wake, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi iliyopokewa. Lugha yenyewe yacheka hapa: huu ni ushuru juu ya kodi, na Mtanzania angelazimika kuuita kodi ya kodi.

Daftari, Stakabadhi na Ankara

Uchaguzi ulioelezwa hapo juu hauna maana kwa asiye na kumbukumbu. Muuza omena wa mfano wetu ataepuka shilingi 72,000 ikiwa tu anaweza kuthibitisha gharama zake. Sheria inamtaka mlipa ushuru kuhifadhi kumbukumbu kwa miaka 5. Tena, kuanzia Januari 1, 2024, gharama nyingi haziwezi kuondolewa katika hesabu ya faida zisipokuwa na ankara ya kielektroniki iliyotolewa kupitia mfumo wa eTIMS wa KRA. Stakabadhi iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya karatasi ya sigara haitoshi tena.

Takwa hilo lilizua swali la haki: mvuvi wa Muhuru Bay au mkulima wa Ndhiwa atatoa wapi ankara ya kielektroniki? Marekebisho ya sheria ya mwishoni mwa mwaka 2024 yalijibu kwa sehemu. Mnunuzi anayenunua kwa mtu ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5 anaweza kuitoa ankara yeye mwenyewe kwa niaba ya muuzaji. Muuza omena asiyeijua kanuni hii huzihesabu gharama zake kuwa zimepotea, ilhali angeweza kuziokoa.

Daftari lenyewe si lazima liwe la kitaalamu. Safu nne zatosha kuanzia: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na sababu. La muhimu ni kutenganisha mfuko wa biashara na mfuko wa nyumbani. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu moja imekuwa kasha la duka, sanduku la karo na kisanduku cha harambee. Mchango wa matanga ukiingia katika simu ileile ipokeayo malipo ya wateja, mwisho wa mwezi si rahisi kueleza lipi lilikuwa mauzo na lipi lilikuwa rambirambi. Nambari ya malipo ya biashara, iliyo mbali na simu ya binafsi, huondoa utata huo.

Kusamehewa na Kutozwa Sifuri

Mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya bidhaa na huduma zenye kutozwa yamefikia shilingi milioni 5 kwa mwaka anatakiwa kujisajili kwa ushuru wa ongezeko la thamani, ambao kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Hapa pana maneno mawili yanayofanana kwa mbali na kutofautiana kwa karibu. Bidhaa iliyosamehewa, kama vile mazao ya kilimo yasiyosindikwa, haitozwi ushuru huo, wala muuzaji hawezi kudai ushuru alioulipa aliponunua mahitaji ya biashara. Bidhaa inayotozwa asilimia sifuri, kama ile iuzwayo nje ya nchi, nayo haimwongezei mteja chochote, lakini muuzaji ana haki ya kudai alicholipa. Kwa mnunuzi maneno hayo mawili ni mamoja. Kwa muuzaji tofauti yake ni fedha.

Mpakani Isebania

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki upo utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizotoka katika nchi mwanachama, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huweza kupita kwa cheti sahili cha uasili bila kulipishwa ushuru wa forodha. Wengi hulitafsiri jambo hili kuwa "mpaka ni bure". Tafsiri hiyo ni ya hatari. Kilichoondolewa ni ushuru wa forodha. Matakwa ya afya, ubora na tozo nyinginezo za ndani hubaki. Cheti hicho chenyewe huhitaji bidhaa iwe ya nchi za Jumuiya, na nguo za mitumba zilizoshushwa bandarini kutoka mbali haziwi za Afrika Mashariki kwa kupitia Sirari. Anayepita njia ya panya kwa kuogopa karatasi huacha nyuma haki ambayo karatasi hiyo ingempa.

Kupanga si Kukwepa

Kitenzi "kukwepa" kimebeba mzigo mkubwa katika mijadala ya ushuru, hata kupanga mambo kihalali kukatiwa shaka. Kuficha mauzo ni kukwepa, na ni kosa. Kuchagua utaratibu ulioruhusiwa na sheria, kudai kila gharama halali na kutumia nafuu iliyotolewa ni kupanga, na ni haki.

Kupanga huanza na kalenda. Tarehe 20 ya kila mwezi ni ya ushuru wa mauzo, na pia ya ongezeko la thamani kwa aliyesajiliwa. Tarehe 9 ni ya makato ya mshahara kwa aliyeajiri mtu ambaye mapato yake yanafikia kiwango cha kukatwa. Juni 30 ni siku ya mwisho ya ritani ya mwaka ya mtu binafsi. Ambaye mauzo yake hayafiki milioni 1 hatozwi ushuru wa mauzo, lakini maadamu ana nambari ya mlipa ushuru na amesajiliwa kwa ushuru wa mapato, ritani ya mwaka inamdai, hata ikiwa haina kitu. Kuchelewesha ritani ya mwaka kunamgharimu mtu binafsi shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kutegemea lililo kubwa. Kuchelewesha ya ushuru wa mauzo ni shilingi 1,000, na malipo yaliyochelewa huongezewa asilimia 5 pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Kwa biashara ya faida ya shilingi 20,000, adhabu hizo zikirundikana humeza mtaji.

Aliyekwama ana njia. Anaweza kumwomba Kamishna alipe deni kwa awamu. Aliyekadiriwa isivyo haki anaweza kuwasilisha pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30, na asiporidhika na uamuzi akaenda katika Baraza la Rufani za Ushuru. Siku hizo 30 hupita upesi kwa mtu anayesubiri kutafsiriwa barua.

Hitimisho

Hapo ndipo somo hili linapomfikia mwanafunzi wa Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, sheria za ushuru na tovuti ya iTax zinamkabili muuza omena wa Sindo kwa Kiingereza. Hulazimika kumlipa kijana wa kibanda cha intaneti amjazie ritani asiyoweza kuisoma, kisha yeye ndiye anayewajibika kwa kila tarakimu iliyomo. Akijaziwa mauzo mahali pa faida, kosa ni la mwingine na deni ni lake.

Istilahi zipo: mauzo, faida, gharama, ankara, nafuu, pingamizi. Kinachokosekana ni kuzifafanua, kuzisanifu baina ya Kenya na Tanzania, na kuzifikisha kwa wanaozihitaji. Wanachuo watokao Migori na Homa Bay, ambao wengi wao wamelipiwa karo kwa omena, miwa na cherehani, wana nafasi ya pekee. Likizo moja iliyotumiwa kukaa na mzazi, kufungua daftari la safu nne na kumweleza kwa lugha anayoielewa kwamba mauzo si faida, yaweza kuokoa mtaji uliomsomesha mwanafunzi mwenyewe.